Nilivyokwenda Ziwa Eyasi mara mbili

Mara ya kwanza nililipa pesa nyingi nikarudi na picha karibu mia mbili. Mara ya pili nililipa chini ya nusu ya pesa ile, nikarudi na nusu gunia la vitunguu, bangili mbili za shaba, na deni la misumari kwa mzee mmoja wa Kihadzabe. Mahali ni palepale. Tofauti ilikuwa nani alitutembeza, tulikaa siku ngapi, na kwamba safari ya pili nilitumia Kiswahili changu. Ninawaandikia hasa Watanzania wenzangu, maana kila nikitaja Eyasi naulizwa, "Kuna nini huko zaidi ya joto?"

Kwa asiyepajua, Eyasi ni ziwa la magadi lililolala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kusini-magharibi mwa Ngorongoro. Maji yanaingia na hayana mto wa kutokea, kwa hiyo jua linayachukua na chumvi inabaki. Unafika Karatu, mji wa baridi, halafu unashuka kwenda Mang'ola, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyovua nguo moja moja. Ziwa liko mita 1,000 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Kandokando yake wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanakula kwa upinde na kwa kuchimba mizizi. Wadatoga, wafugaji na wahunzi. Wairaqw walioshuka kutoka nyanda za juu. Na watu wa kila kabila waliofuata kilimo cha vitunguu.

Safari ya kwanza ilikuwa Septemba. Nilinunua ziara ya siku moja kwa wakala wa Arusha, simtaji jina. Tulikuwa saba garini, wageni sita wa kutoka nje na mimi. Tulitoka usiku, tukafika kwa Wahadzabe jua limeshachomoza. Mwongozaji alieleza kila kitu kwa Kiingereza, na mwenyeji wetu akisema neno, yeye ndiye aliyelitafsiri. Tukaonyeshwa moto wa kupekecha, tukapewa pinde tulenge kisiki, tukachezewa ngoma, tukapiga picha. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwa mhunzi wa Kidatoga, dakika ishirini tu. Saa sita mchana tulikuwa tumeshaanza kupanda kurudi Karatu. Nilipouliza ziwa lenyewe liko wapi, nikaambiwa limekauka, hakuna cha kuona.

Kilichoniuma kilitokea mlangoni mwa gari. Kijana mmoja wa Kihadzabe, ambaye asubuhi nzima alikuwa mbele yangu akinyoosha mishale, aliniuliza kwa Kiswahili safi kabisa:

"Kaka, wewe unatokea wapi?"

"Arusha."

"Sasa mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Saa nzima nilikuwa nimemsikiliza mtu wa nchi yangu, anayezungumza lugha yangu, kupitia mdomo wa mtu wa tatu na kwa lugha ya watu wengine. Wahadzabe wana lugha yao, yenye sauti za kugonga ulimi, ambayo wanaisimu hawajaipatia ndugu yeyote duniani; zamani waliiweka kundi moja na lugha za Wakhoisan wa kusini mwa Afrika, siku hizi wengi wanaihesabu kuwa lugha pekee. Lakini wengi wao Kiswahili wanakijua vizuri. Hiyo ni nafasi ambayo Mtanzania anaipata bure, na mimi nilikuwa nimeiacha garini.

Kwa hiyo Juni iliyofuata nilirudi, na nilimchukua mama. Mama ana miaka sitini na moja, ni mwalimu mstaafu, na alikuwa hajawahi kwenda kutembea mahali ambako hakuna msiba wala harusi. Tulipanda basi hadi Karatu, tukapata gari la abiria la kushuka Mang'ola. Barabara ni ya vumbi na mawe, na gari halikuondoka mpaka lilipojaa. Mama alijifunga kanga kichwani, akaniambia niache kumuuliza kama amechoka.

Pale Ghorofani, ndilo jina la mji mdogo wa Mang'ola, tulipita kwanza ofisi ya kupokelea wageni. Wageni wote wanalipa pale kabla ya kwenda kwa Wahadzabe au kwa Wadatoga, na Mtanzania analipa bei yake, nafuu kuliko ya mgeni wa nje. Dai risiti. Uliza pia, bila kuona haya, kambi mnayokwenda inapata nini katika hizo pesa. Sisi tulijibiwa bila kuzungushwa. Tukapewa mwongozaji kijana wa palepale, baba Mwiraqw, mama Mdatoga, aliyekua akicheza na watoto wa Kihadzabe. Kwa maoni yangu huyu kijana ndiye aliyeibeba safari yetu yote. Kitu cha kwanza alichotuambia ni tusibebe pipi wala pombe, na tusigawe noti mkononi. Fedha taslimu za wageni, alisema, zinaishia kwenye pombe, na zimeshavuruga baadhi ya kambi. Ukitaka kuacha kitu, nunua wanachotengeneza.

Mchana ule wa kwanza alitupeleka kwenye chemchemi za Qangdend. Sikuzitarajia. Umetoka kwenye vumbi jeupe na migunga iliyokauka, halafu ghafla kuna maji maangavu, samaki wadogo wanaonekana mpaka chini, miti mikubwa ina kivuli, watoto wanaogelea. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya juu, upande wa Ngorongoro na mlima Oldeani, inazama ardhini na kuja kutokea huku chini. Kutoka hapo maji yanagawanywa kwa mifereji kwenda mashambani, na mashamba yenyewe ni vitunguu mpaka macho yanachoka. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola vinajulikana kote, hata mbegu yake ina jina hilo. Mama aliinama, akang'oa kimoja kwa ruhusa ya mwenye shamba, akakibonyeza shingoni kuona kama kimekomaa, wakaanza kuzungumza habari za lumbesa. Yule baba alieleza jinsi mnunuzi anavyokuja na gunia, likajazwa, likashonewa kilemba juu, na kile kilemba hakilipwi. Walizungumza nusu saa. Hakuna ziara ya Arusha itakayokuwekea hilo kwenye ratiba, lakini mtu akitaka kujua kwa nini maji yana ugomvi kuzunguka ziwa hili, jibu lake ataliona pale penye mifereji. Kila ekari mpya ya vitunguu inakunywa maji yaliyokuwa yakienda chini kwa wafugaji, na inakula pori la wawindaji.

Tulilala kwenye hema la kawaida chini ya mikoche. Choo safi, maji ya kuoga ya vuguvugu kwa sababu ya jua tu, mbu wengi sana. Chandarua kilikuwa na tundu. Tulilishona kwa uzi wa mama.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshatoka. Kambi ya Wahadzabe ilikuwa chini ya mwamba, watu kama ishirini hivi, wanaume wakiota moto upande mmoja na wanawake na watoto upande mwingine. Wahadzabe wote ni watu wachache, takriban 1,000 hadi 1,300, na wanaoishi kwa kuwinda na kuokota peke yake ni sehemu tu ya hao. Mwongozaji alitufundisha salamu, "mtana". Tukaisema, tukajibiwa, halafu mama akamgeukia mzee aliyekuwa karibu na moto, akamwambia, "Umeamkaje, baba?" Mzee akamtazama, akacheka. "Kumbe ninyi ni wa hapahapa!" Akasogea, akampisha mama kwenye gogo.

Baada ya hapo hatukupangiwa tena kitu. Nilikaa na yule mzee akitengeneza mshale, nikamuuliza kila kilichonijia. Mti wa mshale anaupitisha juu ya moto, anaubana kwa meno pale ulipopinda, anaukunja taratibu, anauinua usawa wa jicho, anaurudisha motoni. Alifanya hivyo labda mara kumi na tano kwa mti mmoja. Nyuma alifunga manyoya ya kanga kwa kano la mnyama alilokuwa akilitafuna ili lilainike. Alinionyesha aina za mishale: wa mti mtupu uliochongwa ncha, kwa ndege na wanyama wadogo, wenye ncha ya chuma, na wenye chuma uliopakwa sumu na kufungwa kwa kipande cha ngozi, kwa wanyama wakubwa. Sumu moja inatokana na utomvu wa ule mti mnene chini wenye maua ya waridi ambao mjini tunaupanda kwenye vyungu barazani. Chuma je? "Msumari," alisema. "Inchi nne nzuri. Inchi sita nzuri zaidi. Huku ni shida kupata." Nikamwahidi.

Nilipowafuata vijana porini sikuweza kwenda nao sawa. Siyo kwamba wanakimbia. Wanatembea kwa hatua ndefu, kimya, na miiba haiwasumbui. Mbwa watatu walikuwa mbele. Kwa saa tatu walipata pimbi mmoja kwenye mawe na ndege wawili. Mara mbili tulipita kwenye nyayo za ng'ombe, na kijana aliyekuwa mbele yangu, hakuwa yule wa Septemba, alisema bila hasira kwamba zamani palipo na nyayo hizi palikuwa na swala pala. Ng'ombe wakija, majani yanakwisha, na wanyama wanahama. Ukienda kwa matumaini ya kuona windo kubwa utarudi umekasirika bure. Wao walishukuru kwa pimbi.

Kitu nilichokitaka zaidi ni asali, na hapo nilibahatika. Yule kijana alisimama akapiga mluzi, unapanda unashuka, akanyamaza, akapiga tena. Baada ya muda kikasikika kidege kikilia kwa haraka haraka juu ya mgunga. Ni mlembe, ndege wa asali. Anamwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa porini, mtu anafukiza nyuki na kutoboa, na ndege anapata nta. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa huku kwa Wahadzabe na kule Msumbiji kwa Wayao: walembe wa huku walikuwa tayari kufuata mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao, na wa kule karibu mara mbili kwa mlio wa kwao. Yaani ndege wanaijua lugha ya majirani zao. Nilimweleza yule kijana habari hiyo tukitembea. Akasema, "Sasa Myao wa nini, sisi tuko hapa?" Akaendelea kumfuata ndege. Mzinga ulikuwa kwenye mbuyu, na kwenye mbuyu huo kulikuwa na vigingi vya zamani vilivyopigwa kama ngazi hadi juu. Asali ilikuwa kidogo, yenye majivu na viwavi vya nyuki ndani, na nililamba mpaka vidole vikawa safi.

Mama hakuja porini. Alibaki akaenda na wanawake kuchimba mizizi, na alichonisimulia jioni nilimwonea wivu. Mwanamke anagonga ardhi kwa mti wa kuchimbia, anasikiliza, anasogea hatua mbili, anagonga tena. Sauti ndiyo inayomwambia kama kuna mzizi na uko kina gani. Mama alijaribu kusikiliza, asiambue kitu, mpaka binti wa miaka kama minane akamshika mkono na kumwekea kiganja chini, juu ya udongo. "Hapo nikasikia," mama alisema. Mizizi inachomwa kidogo tu, inamenywa, unatafuna na kutema nyuzi. Ina maji mengi na utamu wa mbali. Nilipofika nilimkuta ameketi katikati yao, mapaja yana vumbi, anatafuna na kutema kama aliyezaliwa pale.

Jioni tulikwenda kwa Wadatoga, na hapa nina neno moja la tahadhari. Wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati. Ni jina walilopewa na waliopigana nao, linamaanisha maadui. Waite Wadatoga. Vilevile Wahadzabe usiwaite Watindiga.

Mhunzi alikuwa na nduguye kwenye mivukuto, mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi inayobonyezwa kwa zamu, hewa inatoka kwenye mdomo wa udongo hadi kwenye mkaa. Kwenye chungu kidogo alitia kufuli mbili zilizovunjika na koki ya bomba. Tulingoja. Mara shaba ikawa kama uji wa dhahabu, akaimimina kwenye mfuo mwembamba, ikaganda mbele ya macho yetu, akaitoa kwa koleo, akaanza kuigonga. Nyundo yake ilikuwa kipande cha chuma cha gari. Aliigonga mpaka ikawa fimbo ndefu, akaikunja kuwa bangili, akaitia alama kwa tupa. Nilinunua mbili, elfu kumi kila moja, sikuomba punguzo. Wahunzi hawa ndio wanaofua ncha za mishale pia, na Wahadzabe huwalipa kwa asali na nyama, kwa hiyo msumari wa yule mzee ungeweza kupita hapa kwanza.

Nyuma ya nyumba mke wa mhunzi alikuwa akisaga mahindi kwenye jiwe. Amevaa gauni la ngozi lililoshonwa shanga, na ana alama za kuchanjwa kuzunguka macho. Kwa kawaida mgeni anakaribishwa asage kidogo, watu wanapiga picha, basi. Mama alipiga magoti, akamwambia, "Nipishe kidogo, mwanangu," akashika mwana, lile jiwe dogo la juu, na akaanza. Sikuwahi kumwona mama akisaga. Alisaga kwa mwili mzima, mabega yanakwenda mbele na kurudi, unga unashuka mwembamba kwenye ngozi, na hakusimama. Yule mwanamke alikaa chini akamtazama, akaanza kuimba polepole kwa Kidatoga kufuata mwendo wa jiwe. Nilikuwa nimeishika simu mkononi na sikupiga picha hata moja. Baadaye mama aliniambia bibi yangu alikuwa na jiwe kama lile, na mara ya mwisho kulishika alikuwa darasa la sita.

Siku ya tatu, ziwa. Septemba walikuwa sahihi kiasi, kiangazi maji hurudi mbali sana na kuacha uwanda wa magadi. Lakini "hakuna cha kuona" haikuwa kweli hata kwa kiangazi, na Juni ilikuwa kitu kingine kabisa. Tulitembea kama saa nzima kwenye udongo uliopasuka, halafu ukungu wa waridi uliokuwa mbali ukaanza kusogea, na ulikuwa heroe, maelfu, wanachuja chakula kwenye maji ya magadi kwa midomo iliyopinda. Kulikuwa na mwari pia, na kwenye mkoche mmoja mkavu alikaa furukombe. Wavuvi wachache walikuwa wanarudi na kambale. Mvua zikiwa nzuri samaki wanaingia ziwani kutoka mito inayolijaza. Mama alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo, akasema maji ni mazito kama ya kuoshea vyombo.

Sikufika kwenye mwamba wa Mumba, ambao uko karibu na ziwa na watu wameutumia kwa zaidi ya miaka 100,000. Wataalamu wamechimbua pale zana za mawe na shanga za ganda la yai la mbuni. Muda haukutosha. Ukipata siku ya nne, anza na huko.

Mabaya ya safari hii nayasema pia. Joto la mchana ni kali, kati ya saa sita na saa tisa usipange kutembea na mzazi. Mtandao unakuja na kuondoka. Gari la kurudi Karatu tulilisubiri kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, na siti ya mama ilikuwa na gunia la vitunguu miguuni. Beba maji, dawa ya mbu, viatu visivyotobolewa na miiba, na pesa taslimu ndogondogo. Na ukienda kwa Wahadzabe, kaa usiku mmoja karibu, uwahi alfajiri. Ukifika saa tatu wenye kuwinda wameshaondoka, na watakaokuwepo ni wale waliobaki kukungoja wewe.

Tunarudi mwakani, kabla ubuyu haujaisha. Mama ana kopo la maziwa ya unga kabatini. Tangu Juni kila kufuli mbovu, kila koki iliyokufa na kila msumari wa inchi nne anaoukuta kwa fundi anautia humo, na majirani wameshajua, wanamletea. Wiki iliyopita nililinyanyua, limefika nusu.